Majirani Watatu wa Kulinganishia

Haikuwa zamani, wala haikuwa mbali. Ilikuwa katika nchi moja ambayo jina lake naliweka kando, maana wananchi wake ni watu wa haya na hawapendi kutajwa. Katika nchi hiyo hakuna kitu kilichoruhusiwa kuwa kikubwa, kidogo, ghali au rahisi mpaka kwanza kilinganishwe na kingine mbele ya mashahidi. Mtoto akizaliwa, mkunga hakusema "ni mzito." Alisema "ni mzito kuliko wa jana," kisha akatia sahihi. Kwa ajili ya kazi hiyo palikuwa na Wizara nzima, Wizara ya Ulinganisho, jengo la ghorofa tisa. Lilijengwa la ghorofa kumi, lakini lilipolinganishwa na Ikulu ghorofa moja ikabidi ibomolewe.

Humo ndimo alimotumika Bwana Nassoro Chambuso miaka thelathini na moja, akastaafu akiwa Mkurugenzi wa Nyumba. Walimpa saa ya ukutani na cheti kilichosema kwamba utumishi wake ulikuwa "wa wastani, kwa kulinganisha na wengine." Alikitundika sebuleni, na kila alipokitazama alijisikia raha. Kwake yeye wastani ilikuwa karibu na dini.

Lakini fahari yake kubwa ilikuwa Waraka Namba Tisa, alioutunga kwa mkono wake mwenyewe. Waraka ulisema: nyumba haitauzwa mpaka bei yake ilinganishwe na soko la mtaa wake, nayo isizidi wala isipungue zaidi ya sehemu moja ya kumi. Neno tamu kweli! Tatizo ni kwamba mitaa ile haikuwa na soko. Watu walizaliwa ndani ya nyumba zao, wakaoa humo, wakafia humo, na warithi wao wakagombana humo mpaka nao wakafa. Hakuna aliyeuza.

Bwana Chambuso akafikiri siku mbili, akapata ufumbuzi. "Tuwaulize wenyewe," alisema kikaoni. "Nani aijuaye thamani ya nyumba kuliko mwenye nyumba? Kizuri chajiuza, waheshimiwa, kibaya chajitembeza. Majirani watatu wakishataja bei za nyumba zao, tukigawa kwa tatu, soko si hilo hapo?"

Waziri akapiga makofi. Wengine, baada ya kulinganisha, wakapiga makofi machache kidogo kuliko ya Waziri.

Sasa, msomaji, lazima nikwambie kuhusu adabu za watu wale, la sivyo utawaona wajinga, na si wajinga hata kidogo. Kwao mtu anayesifu kilicho chake amekosa malezi. Ukialikwa pilau la nyama ya mbuzi utaambiwa, "Karibuni, wali mkavu huu." Mtu akivaa shati jipya, ukimsifia, atakwambia ni la mtumba, tena limechanika kwapani. Kwa hiyo makarani walipotumwa mitaani na madaftari yao kuuliza "Nyumba yako ina thamani gani?", majibu yalikuwa yale yale ambayo mama zao waliwafundisha.

Kazi ilizinduliwa kwa Bwana Chambuso mwenyewe, Mtaa wa Majabali, ili awe mfano. Waziri alisimama barabarani, maana nyumba imejengwa juu ya mwamba na kutoka barabarani hadi mlangoni kuna ngazi sitini na moja. Kalamu ikatayarishwa. Bwana Chambuso akainamisha kichwa.

"Mheshimiwa, nyumba gani? Kibanda tu hiki, tunajisitiri na umande. Ukinipa laki mbili na nusu nitakuwa nimekudhulumu."

Loo! Watu walimshangilia kwa unyenyekevu ule. Waziri alitoa leso akajifuta macho, akasema, "Huyu ndiye mtumishi." Na majirani nao wakaona aibu kupitwa kwa adabu. Bwana Ngwaru wa nyumba ya kushoto, mwenye duka la mabati, akasema yake ni laki mbili. Bi. Sikujua wa kulia, mjane mwenye nyumba ya vyumba sita, akasema laki moja na nusu, pamoja na jiko. Mwalimu Chitemo wa ng'ambo akasema yake haifai kuuzwa, labda mtu alipwe aichukue. Karani akaandika: sifuri.

Mwaka ulipokwisha, madaftari yote yakajumlishwa, ikaonekana kwamba nchi ile haikuwa na nyumba hata moja. Ilikuwa na vibanda laki nne na elfu kumi na mbili. Nchi rafiki ziliposoma taarifa hiyo zililia machozi zikaleta mahema. Mahema yalipokewa kwa hotuba saba, na mpaka leo ndiyo mapazia ya Wizara.

*

Yakapita mambo, ikapita miaka, na magoti ya Bi. Mwanaidi yakaharibika.

Bi. Mwanaidi ni mkewe Bwana Chambuso, mama Zaituni. Kwa miaka arobaini na miwili alipanda na kushuka ngazi zile sitini na moja, na ndoo, na mtoto, na mtungi wa gesi. Mwaka huo magoti yakasema basi. Miezi mitano ilipita hajakanyaga barabara. Dada yake aliozesha binti, yeye akasikia ngoma dirishani. Shoga yake wa utotoni akafariki, jeneza likapita pale chini, yeye akaliaga kwa kupunga kanga. Vijana wa mtaa walijitolea kumbeba, akawafukuza. "Mimi si gunia la mkaa," alisema, na mwenye kumjua Bi. Mwanaidi hakurudia kuuliza.

Siku ile ya jeneza Bwana Chambuso alimkuta mkewe bado dirishani saa nzima baada ya watu kuondoka. Moyo ulimuuma, ukamuuma sana. Kesho yake akashuka mpaka Bondeni, mtaa uliojengwa baada ya madaftari kufungwa na ambao Waraka ulikuwa haujaufikia, akatafuta, akapata nyumba ya Mama Tunu: vyumba vitatu, mlango sawasawa na barabara, hata kizingiti hakuna. Mama Tunu alikuwa anahamia kwa mwanawe.

"Milioni thelathini na mbili, mzee wangu," Mama Tunu alisema. "Nakusubiri mpaka Ijumaa. Baada ya hapo naondoka, na nyumba sitaki ikae tupu."

Na kama bahati, mnunuzi wa nyumba ya Majabali naye alikuwapo. Bwana Pazi, muuza magodoro, aliipenda kwa upepo wake. Alipanda ngazi zote akihema, akagonga milango, akaangalia dari, akasema milioni arobaini, na mkono akautoa palepale. Bwana Chambuso akaupokea. Ilikuwa Jumatatu. Alipanda ngazi akiimba, akamwambia mkewe, "Ijumaa unalala Bondeni."

Mchana ule Bi. Mwanaidi alianza kufunga vikombe kwenye magazeti.

*

Jumanne asubuhi Bwana Chambuso aliingia Wizarani kuomba muhuri. Aliyekalia kiti chake sasa ni Bi. Riziki Mtengwa, ambaye zamani alikuwa karani wake, akimchemshia chai na kumchongea penseli. Bi. Riziki aliinuka, akamwamkia kwa kukunja magoti nusu.

"Shikamoo, mwalimu wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa jambo dogo tu."

Bi. Riziki akasoma fomu. Akaisoma tena. Akafungua daftari, akapiga mahesabu, na uso wake ukaingia huzuni ya kiserikali.

"Mzee, soko la mtaa wako ni laki moja, kumi na sita elfu, mia sita na sitini na sita. Ukiongeza sehemu ya kumi, huwezi kuvuka laki moja na ishirini na nane elfu na kitu. Na hapa naona milioni arobaini. Umezidi soko mara mia tatu arobaini na mbili." Akashusha sauti. "Mwaka jana tulimfunga mtu aliyezidi mara kumi."

"Lakini mwanangu, unaijua nyumba yangu. Umekula Idi pale."

"Naijua, mzee. Ni kasri. Lakini mimi nilikuwa mgeni, na Waraka unasema maneno ya mgeni hayahesabiwi, kwa kuwa mgeni naye ana adabu zake." Akamgeuzia karatasi. "Kifungu cha sita. Si mwandiko wako huu?"

Ulikuwa mwandiko wake, tena mzuri, wenye mikia. Bwana Chambuso akautazama kama mtu aliyekutana na ujana wake njiani na ujana ukakataa kumsalimia. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Yeye hakuingia tu, alikuwa amekijengea na ukuta.

"Njia hakuna kabisa?" aliuliza.

"Ipo moja, mwalimu wangu. Kifungu cha kumi na nne."

Bwana Chambuso akafumba macho. Kifungu cha kumi na nne alikiweka makusudi ili asitokee mtu wa kukitumia. Kilisema soko linaweza kuandikwa upya ikiwa mwenye nyumba atasimama hadharani, mbele ya Kamati, aseme kwa kinywa chake kwamba nyumba yake ni nzuri, kisha ataje bei. Na majirani watatu nao wazitaje upya za kwao. Kwa miaka ishirini hakuna aliyefaulu. Mtu mmoja wa mkoani alijaribu, akazirai kwenye neno "nzuri."

"Nipangieni Alhamisi," alisema Bwana Chambuso.

*

Jioni ile alikwenda kwa majirani. Alikuwa na hoja nzuri: waseme ukweli tu, kila mmoja milioni arobaini hivi, soko lisimame, yeye auze.

"Nisimame barabarani niseme nyumba yangu ni milioni arobaini?" Bwana Ngwaru aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Ala! Watu wataniona vipi? Na mashemeji je? Wale nimewaambia tunalala chini."

"Baba Zaituni, nakuheshimu sana," alisema Bi. Sikujua akimpakulia vitumbua alivyoviita makapi. "Ila mimi mjane. Mjane akianza kujisifu, wanasema anatafuta mume."

Mwalimu Chitemo alimsikiliza kwa makini, akavua miwani. "Wewe mwenyewe utaweza kusema, Nassoro?"

Swali hilo Bwana Chambuso alirudi nalo nyumbani. Akajifungia chumbani, akasimama mbele ya kioo, akakohoa. "Nyumba yangu ni n… Nyumba yangu ni nz…" Jasho likamtoka. Akajaribu kwa kasi, akajing'ata ulimi. Akajaribu kwa kunong'ona, na aliyekuwa ndani ya kioo akainamisha kichwa akasema, kwa adabu kabisa, kibanda tu hiki. Chumba cha pili karatasi zilikuwa zikichakarika: Bi. Mwanaidi alikuwa amefikia sahani.

*

Alhamisi saa nne Kamati iliwasili, watu kumi na mmoja, kila mmoja na kiti chake. Walitazama ngazi sitini na moja, wakashauriana, wakaamua kulinganisha kutokea chini. Mtaa mzima ukatoka. Bwana Pazi wa magodoro alikuwapo, fedha zake kwenye mfuko wa khaki kifuani. Kule juu dirisha lilifunguliwa, na Bi. Mwanaidi akaonekana, kanga kichwani, mkono kwenye fremu.

Mwenyekiti wa Kamati alisimama akahutubia. "Ndugu wananchi! Kulinganisha ndiko kulikotutofautisha na wale ambao, tukilinganisha nao, hawalinganishi. Leo soko litasema. Na soko, ndugu zangu, halina mdomo. Ndiyo maana limetuma Kamati!" Akapigiwa makofi ya wastani. "Mwenye nyumba, tamka."

Bwana Chambuso akasogea mbele.

"Nyumba yangu," akasema, "si mbaya sana."

Karani akapitisha kidole kwenye daftari. "Hiyo haina safu, mzee."

"Nyumba yangu… inakalika."

"Haina safu."

"Nyumba yangu, nashukuru Mungu, haijaanguka."

Watu wakaanza kuona haya kwa niaba yake. Bwana Ngwaru alitazama viatu vyake. Bwana Chambuso akakumbuka magoti ya mkewe. Akainua macho dirishani. Bi. Mwanaidi hakumpungia, hakumpa ishara. Alikuwa amesimama tu, na jinsi alivyosimama ilionekana wazi kwamba kusimama kwenyewe kunamuuma.

"Nyumba yangu ni nzuri!" alipiga kelele, mpaka kuku wakatawanyika. "Ni nzuri, jamani! Milango ya mninga, nimechagua kila ubao mwenyewe. Upepo unaingia mbele unatokea nyuma. Alfajiri jua linakuja mpaka kitandani. Nimeishi humo miaka arobaini na miwili kwa raha na sijawahi kusema! Milioni arobaini, na atakayeipata kaokota!"

Hata Mwenyekiti alisahau kukaa. Bwana Chambuso alijisikia mwepesi, na Bi. Riziki akawa anafuta machozi kwa upande wa daftari. Kopo la wino wa muhuri lilishafunguliwa. Bado majirani watatu tu.

"Bwana Ngwaru," aliita karani. "Nyumba yako?"

Bwana Ngwaru alifungua mdomo aseme kibanda. Lakini kitu kilikuwa kimempata. Alikitazama kibanda chake, akaitazama nyumba ya jirani, iliyotangazwa mbele ya mtaa mzima kuwa nzuri, na roho ikamchoma.

"Yake arobaini?" akasema polepole. "Ile yenye mabati niliyomuuzia mimi? Basi yangu sitini."

"Sitini!" Bi. Sikujua akaja mbele amejifunga kanga kiunoni. "Ngwaru, wewe una vyumba vinne na kimoja ni stoo. Mimi vyumba sita, na marumaru. Niandikie tisini."

"Nilisahau choo cha ndani," alisema Bwana Ngwaru. "Mia na ishirini."

"Mwalimu Chitemo?"

Mwalimu alivaa miwani. Mtu huyu alikuwa ameandikiwa sifuri miaka ishirini, na wanafunzi wake walimtania nayo. "Milioni mia na hamsini," alisema. "Bila kuhesabu mandhari."

Bwana Chambuso alikimbia huku na huku akiwashika mikono. "Jamani, arobaini! Tulisema arobaini! Bwana Ngwaru, shusha kidogo!" Wapi! Mtu aliyezuiwa kujisifu miaka hamsini, akishaonja, humrudishi. Nyuma ya umati hata wasioulizwa walikuwa wakitaja zao, na mtu mmoja aliyepanga chumba alikuwa akitangaza bei ya chumba.

Karani akajumlisha, akagawa kwa tatu. Mwenyekiti akasimama kwa furaha kubwa. "Ndugu wananchi, hongereni! Soko la Mtaa wa Majabali ni milioni mia na ishirini. Leo asubuhi mlikuwa maskini. Sasa ni mtaa wa thamani kuliko yote nchini! Kuhusu ombi la Bwana Chambuso, bei ya milioni arobaini iko chini ya soko kwa zaidi ya sehemu ya kumi. Mauzo yamekataliwa. Tumpigie makofi kwa kutufikisha hapa."

Walimpigia. Bwana Pazi alifunga kifungo cha koti juu ya mfuko wake wa khaki. "Mzee, pole," alisema. "Mimi nauza magodoro, sijaanza kuchapisha noti." Akaondoka.

*

Bwana Chambuso alipanda ngazi moja moja. Alifika juu, akakaa karibu na mkewe kwenye kochi lililozungukwa na vyombo vilivyofungwa.

"Mwanaidi, nimejiaibisha bure."

"Nimekusikia," alisema Bi. Mwanaidi. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka. "Kumbe ulikuwa unaliona lile jua la alfajiri?"

"Nilikuwa naliona."

"Miaka yote nilidhani huoni. Wageni wanakula chakula changu wanajilamba vidole, unawaambia 'msamehe, mama kakorogakoroga.' Zaituni kaongoza darasa, unamwambia mwalimu wake 'kabahatisha tu.' Mimi nipo jikoni nasikia."

"Ilikuwa adabu, mama Zaituni."

"Adabu na nani? Mimi ni mgeni?"

Bwana Chambuso alitafuta kwenye vifungu vyote alivyowahi kuandika, asipate hata kimoja. Akamshika mkono mkewe, na machozi yakamtoka, machozi ya mtu mzima, hayana sauti.

Bi. Mwanaidi akamwacha alie kidogo, kisha akasema, "Mama Tunu hapangishi?"

"Kupanga?" Akajifuta pua. "Kupanga hakuna ulinganisho. Waraka wake niliufikisha nusu, nikastaafu."

"Mungu mkubwa, aliyekustaafisha."

Alicheka Bwana Chambuso, alicheka huku analia, akainuka, akampa mkewe mgongo, akapiga goti. Ana miaka sitini na minane. Bi. Mwanaidi aliutazama mgongo ule, akasonya, akatengeneza kanga yake, akapanda.

Wakishuka, walipumzika mara sita. Kamati ilikuwa bado inakunja viti, na majirani walikuwa bado wanabishana juu ya marumaru. Walipofika ngazi ya mwisho, kelele zote zilikatika. Bwana Chambuso akasimama katikati ya barabara akihema, mshipa umemtoka shingoni, na hakuna aliyemwambia atamke.

"Huyu ni mke wangu," akasema. "Ni mwanamke mzuri. Anapika vizuri, ana akili kunizidi, na mimi sikustahili. Nimechelewa kusema, basi nasema."

Karani, kwa mazoea, alikuwa ameshafungua ukurasa mpya. "Samahani, mzee," aliuliza. "Majirani watatu wa kulinganishia?"

Bwana Ngwaru akafungua mdomo. Halafu akamwona mkewe, amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, anasubiri kusikia. Akaufunga. Na kwenye kila mlango wa Mtaa wa Majabali, mtaa wa thamani kuliko yote nchini, alikuwa ametoka mwanamke, na wote walikuwa wanasubiri.

"Twende, baba Zaituni," alisema Bi. Mwanaidi kutoka mgongoni. "Hawa watachukua muda."